Nani alikata shamba? Uzi kuhusu Kitale, Bungoma na ploti za hamsini kwa mia

Kila kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme vijana wanauza ardhi ya babu zao, ndiyo maana unga umepanda. Makofi! Sasa ngojeni, maana kisu hakikuanza na vijana.

Trans Nzoia ilikuwa ya walowezi. Mashamba ya mamia ya ekari, mengine maelfu, na reli ilipofika Kitale 1926 mahindi yakapata njia ya soko. Mwafrika alikuwa humo kama skwota na kibarua.

Baada ya uhuru, mashamba hayakugawiwa bure. Mengine yaligeuzwa skimu za makazi kwa mkopo, mengine yakaenda kwa ADC iliyoundwa 1965, na mengi yakanunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za ardhi. Watu, wengi wakitoka Bungoma, waliuza ng'ombe wakalipa hisa. Piga hesabu tu ya mfano: ekari 600, wanahisa 150. Kila mmoja ekari 4. Ana wana watano? Haifiki hata ekari moja kwa kila kijana. Na mabinti bado hatujawahesabu (vikao vya ukoo pia huwasahau, hata kama sheria inawatambua).

Robo ekari ya mahindi hailishi nyumba. Lakini ikiwa Kiminini, kando ya barabara ya Kitale–Webuye, mwalimu au nesi atainunua, ajenge, na asubuhi apande matatu kwenda kazini Kitale. Pembeni mwa mji wa Bungoma ni hivyo hivyo.

Kuna jambo husikii jukwaani. Sheria ya udhibiti wa ardhi ya 1967 inataka bodi iidhinishe kila uuzaji wa ardhi ya kilimo, na bodi inaweza kukataa kama kuigawa kutapunguza mavuno. Sasa ardhi iliyo ndani ya manispaa haihesabiwi ya kilimo. Kwa hiyo ukisogeza mpaka wa mji kwenye ramani, shamba linatoka mikononi mwa bodi na jembe halijaguswa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 68, iliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ekari. Mswada wa 2015 haukuwa sheria. Waliokaa Bungeni hawakuwa vijana wa Kiminini.

Kwa hiyo akija tena na ile hotuba, muulize: mpaka wa manispaa utapita wapi, na maji taka ya hizo ploti yanaenda wapi?