Msimu wa Montreal, 1946

Katika tarikhi ya besiboli, siku inayotukuzwa kuliko zote ni tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na jezi ya Brooklyn Dodgers, akauvunja mwiko uliokuwa umewafungia watu weusi mlango wa ligi kuu za Marekani kwa zaidi ya miaka 60. Siku hiyo yastahili adhama yake. Lakini naamini imeufunika isivyo haki mwaka uliotangulia, kwa sababu shauri lenyewe lilikwisha kukatwa mwaka 1946 katika ligi ndogo, na mashahidi wake wakuu walikuwa watu wa Montreal, mji wa Kanada ambao wakazi wake wengi husema Kifaransa.

Klabu kubwa za mchezo huo huwa na timu zilizo chini yao, ambako vijana hupelekwa wakafundwe na kupimwa kabla ya kupandishwa daraja. Na mtu aliyeustawisha utaratibu huo, Branch Rickey, ndiye aliyekuwa rais wa Dodgers. Tarehe 23 Oktoba 1945 ilitangazwa kwamba Robinson angechezea Montreal Royals, timu iliyokuwa chini ya Dodgers katika International League, kwa sharti zito alilopewa na Rickey faraghani, kwamba asijibu tusi wala pigo lolote atakalofanyiwa. Na sharti hilo aliwekewa mtu aliyekuwa luteni wa jeshi, ambaye mwaka 1944 alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi baada ya kukataa kuhamia nyuma ya basi, akaonekana hana hatia. 

Mazoezi ya kabla ya msimu yalifanyika Florida, na huko jeuri ilidhihiri mapema: katika mji wa Sanford ilimlazimu kuondoka upesi kwa vitisho vya wenyeji, na Jacksonville milango ya uwanja ilitiwa kufuli ili mechi isichezwe. Kocha wake, Clay Hopper, alikuwa mzaliwa wa Mississippi, na husimuliwa kwamba alimsihi Rickey amwepushe na jukumu la kumwongoza mtu mweusi.

Msimu ukafunguliwa tarehe 18 Aprili, Jersey City, mbele ya umati uliofurika. Mara ya kwanza aliposhika gongo hakufua dafu. Mara ya pili aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, na wenzake wawili waliokuwa wakingoja kwenye vituo wakarejea salama mbele yake, na George Shuba, mchezaji mwenzake Mzungu, akasimama pale penye kituo cha mwisho, akampa mkono hadharani. Royals walishinda 14 kwa 1. Kwangu mimi mkono ule una uzito kuliko mabao yote, maana haukuamriwa na mtu.

Haikuwa raha tangu hapo. Baltimore alitukanwa matusi mazito. Syracuse walimtupia paka mweusi uwanjani, wakimwita paka huyo ndugu yake. Lakini Montreal, alikoishi na mkewe Rachel katika mtaa wa De Gaspé, majirani wasiojua Kiingereza sawasawa walimtunza Rachel, aliyekuwa mjamzito, hata wakampa kuponi zao za mgao wa chakula.

Kufikia mwisho wa msimu Robinson aliwashinda wapigaji wote wa ligi kwa wastani wa .349, yaani mapigo safi 349 kwa kila majaribio 1,000, na Royals walikuwa wameshinda mechi 100. Wakaenda Louisville kucheza fainali na mabingwa wa ligi nyingine. Huko alizomewa bila huruma, naye akapoteza makali, na timu yake ikapoteza mechi mbili kati ya tatu. Habari zikafika Montreal kabla ya wachezaji kurejea, na Louisville walipokuja nao walizomewa kila walipokwenda kupiga, zomeo kwa zomeo, hata Royals wakashinda mechi tatu mfululizo na kutwaa kombe tarehe 4 Oktoba. Umma ukamzingira Robinson, ukamkumbatia na kumbeba mabegani, na alipotoka uwanjani ukamfuata mbio barabarani kwa mapenzi. Na Hopper, kabla ya kuagana naye, alimpa mkono na kumsifu kuwa mchezaji hodari na muungwana.

Aidha, hakuwa peke yake mwaka ule. Rickey aliwapeleka wachezaji wengine weusi, Roy Campanella na Don Newcombe, kwenye timu ya Nashua, na wote wawili walifika Brooklyn, mmoja mwaka 1948 na mwenzake mwaka 1949. Warushaji John Wright na Roy Partlow, ambao nao walivaa jezi ya Montreal, waliteremshwa kwenda Trois-Rivières kabla msimu haujaisha, kisha wakarudi katika ligi za watu weusi, wala hawakupata kamwe kucheza katika ligi kuu.