Mashine ya Soda na Ushauri Usio na Tarehe

Ukisikia watu wakitaja Vendo 81, usidhani 81 ni mwaka. Ni idadi ya chupa. Kampuni ya Vendo ya Kansas City, iliyoanza mwaka 1937, ilikuwa na tabia ya kuzipa mashine zake za kuuzia soda majina ya hesabu: V-39 ilibeba chupa 39, V-44 chupa 44, na V-81 ya miaka ya 1950 ilibeba 81. Unatumbukiza sarafu, unafungua kimlango chembamba, unavuta chupa yako ya kioo. Basi.

Leo mashine hizo ni dhahabu. Wamarekani wanazisaka kwenye maghala na gereji zilizofungwa, wanazifufua, wanazisimamisha jikoni zikinguruma. Mimi huku Nairobi, niliyekua na soda ya kreti na chupa ya kurudisha dukani, naweza kutazama mashine moja ikifufuliwa hadi saa nane usiku na nisichoke. Kutu inatoka, mlango uliobonyea unanyooka, nyekundu inang'aa kama nyanya. Raha tupu. Kisha nasoma ushauri wanaopeana, na hapo ndipo kazi iko. Ongeza tu gesi. Piga mchanga, rangi yote itoke. Hiyo plagi ya zamani iko sawa, walitumia miaka yote na hakuna aliyekufa.

Unaweza kusema watu ni waongo tu. Sidhani. Ukiufuatilia ushauri huo kwenye historia, unakuta mwingi wake uliwahi kuwa kweli. Ulikuwa ushauri mzuri wa mwaka fulani, ukabaki kuzunguka mtandaoni bila tarehe yake, kama dawa iliyobanduliwa kibandiko kinachoonyesha inaisha muda lini.

Tuanze na gesi. Friji za mwanzo za nyumbani kule Marekani zilipoza kwa dioksidi ya salfa au kloridi ya methili, vitu vyenye sumu. Mwaka 1929 kuna watu walikufa Chicago kwa sababu ya kloridi ya methili iliyovuja majumbani mwao. Mkemia Thomas Midgley, yule yule aliyetia madini ya risasi kwenye petroli, pamoja na wenzake walikuja na gesi mpya iliyojulikana kama Freon-12, au R-12. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, Midgley aliivuta gesi hiyo mapafuni akaipuliza kwenye mshumaa. Mshumaa ukazima, yeye akabaki wima. Haikuwa na sumu kama zile za mwanzo na haikushika moto. Kwa mtu wa 1930, kusema gesi hii haina neno kulikuwa kusema kweli, na mashine za soda za miaka ya 1950 zilijazwa gesi hiyo.

Halafu ikafika 1974. Mario Molina na Sherwood Rowland wakaeleza kwamba gesi za aina hiyo hupanda juu sana angani, zikavunjwa na miale ya jua, na klorini inayotoka humo ikala tabaka la ozoni. Mwaka 1987 mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal. Mwaka 1992 Marekani ikapiga marufuku kuziachilia gesi hizo hewani kwa makusudi, na kufikia 1996 ilikuwa imeacha kutengeneza R-12. Midgley alikuwa amekufa tangu 1944, hayo yote hakuyaona. Lakini mshumaa wake bado unazimwa mtandaoni kila siku: fungua vali, iache itoke, haina neno.

Na usiseme hayo ni mambo ya Ohio huko. Sekretarieti inayosimamia itifaki hiyo iko hapa hapa Gigiri. Gesi ikiachiliwa kwenye gereji ya mtu huko Marekani, inaenda kwenye anga ile ile inayotufunika sisi.

Sawa, wanasema wengine, basi weka R-134a mahali pa R-12. Ushauri huo nao una tarehe yake. R-134a ilienea miaka ya 1990 kuziba pengo. Shida ni kwamba kompresa ya zamani ina mafuta ya madini, na R-134a haichanganyiki nayo. Gesi inazunguka, mafuta yanabaki nyuma kwenye mabomba, na kompresa inaanza kujisaga ikiwa kavu. Ukitaka kubadilisha gesi sharti ubadilishe na mafuta, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa na cheti. Tena R-134a yenyewe inachangia kupasha dunia joto, na ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za familia yake.

Kisha kuna jambo ambalo hata fundi wa mtaani kwako atakwambia kama ni mkweli: friji haili gesi. Mfumo wake umefungwa kabisa. Gesi ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kumwaga maji kwenye ndoo yenye tundu.

Twende kwenye mchanga. Kwa muda mrefu, kupuliza mchanga kwa kompresa ya hewa ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kuvua kutu na rangi kwenye chuma. Vumbi lake lina silika, inayoingia mapafuni na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna tiba. Uingereza iliupiga marufuku mchanga wa namna hiyo viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Marekani, taasisi yao ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza mwaka 1974 kwamba nao waukataze. Pendekezo likabaki pendekezo. Ndiyo maana mtu anaweza kukushauri leo, bila hata kutaja barakoa, kama vile mwaka huo haukuwahi kufika.

Ongeza rangi yenyewe. Marekani ilikataza rangi za nyumbani zenye madini ya risasi mwaka 1978. Mashine ya 1955 ilipakwa rangi zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo. Ukiipiga mchanga uani bila kuipima, huenda unatawanya risasi mahali watoto wanapochezea. Na hata ukiponea hayo, bati la mlango ni jembamba. Mpulizo mkali huliyumbisha, na lile neno lililochorwa kwa mwinuko likapoteza ncha zake. Hilo halirudi.

Plagi sasa. Mashine nyingi za enzi hizo zilitoka kiwandani na plagi ya meno mawili, bila waya wa kupeleka stima ardhini. Anayesema walitumia miaka yote anasahau kwamba walizitumia waya zikiwa mpya. Mpira unaofunika waya hukauka, ukapasuka, ukamomonyoka. Baada ya miaka 70, waya ulio uchi unaweza kuwa unagusa sanduku zima la chuma, na wewe umelishika kwa mkono wenye maji ya chupa baridi. Ushauri hauzeeki, lakini waya unazeeka.

Kuna pia ushauri uliopoteza mahali pake. Ziliundwa kwa stima ya Marekani, volti 115 na mizunguko 60 kwa sekunde. Ikiletwa Nairobi kupamba mkahawa, utaambiwa nunua transfoma na mambo yatakuwa sawa. Transfoma itashusha volti zetu 240, lakini mizunguko yetu 50 haitaigusa. Mota itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, na inaweza kupata joto kupita kiasi. Aliyetoa ushauri huo hakudanganya kuhusu volti. Hakuuliza tu uko wapi.

Huku kwetu fundi wa friji ana kibanda. Akikupiga chenga, kesho uko pale na friji yako kwenye mkokoteni, na majirani wanasikiliza. Aibu hiyo ndiyo bima yako. Mshauri wa mtandaoni hana kibanda. Video yake inaisha mashine ikiwa inang'aa, chupa ikifunguliwa, muziki ukipigwa. Kompresa ikifa baada ya miezi minane, kamera haipo. Siku hizi tena kuna programu za akili bandia zinazokujibu kwa sekunde chache. Zimesoma maneno yote hayo, ya 1985 na ya juzi, na zinaweza kukupakulia yote kutoka sufuria moja.

Ushauri unaoniuma zaidi, hata hivyo, hauui mtu. Ni ule wa kurudisha mashine kuwa "ya asili" kwa kung'oa kila kilichoongezwa baadaye. Coca-Cola ilianza kuuzwa Atlanta mwaka 1886 kwa senti tano, na bei hiyo ikadumu karibu miaka 70. Sababu mojawapo ilikuwa mashine hizi zenyewe: nyingi zilijua sarafu moja tu, ile ya senti tano. Kupanda hadi sarafu ya senti kumi kungekuwa kuongeza bei maradufu kwa siku moja. Mwaka 1953 Robert Woodruff, bosi wa Coca-Cola, alimwomba rafiki yake, Rais Eisenhower, serikali itengeneze sarafu ya senti saba na nusu. Hebu fikiria, kampuni ya soda inaomba pesa za nchi zibadilishwe zifuate mashine yake. Serikali haikukubali. Mwishowe mashine ndizo zilizobadilishwa.

Kwa hiyo ukikuta mashine ya zamani yenye kifaa cha sarafu kilichorekebishwa kupokea senti kumi, na kibandiko cha 10 juu ya 5, hujakuta uharibifu. Umekuta siku ambayo bei iliyodumu miongo saba ilikubali kushindwa. Anayekwambia tupa hicho, weka cha senti tano ndio ipendeze, anakuambia ufute ukurasa ambao hakuna kitabu kitakachokuandikia upya, kwa sababu kila mashine ina ukurasa wake.

Basi ukibahatika kukutana na moja, fungua mlango wake kabla ya kufungua simu. Tafuta bamba dogo la chuma lenye maandishi. Mara nyingi hapo utakuta modeli, nambari ya mashine, aina ya gesi na uzito wake, volti na mizunguko. Ni maneno machache, na aliyeyaandika alijua mashine hiyo ni ya wakati gani na itafanya kazi wapi. Lipige picha mapema. Ukianza na mchanga bila kuling'oa, maandishi hayo ndiyo ya kwanza kufutika.