Mlinganyo wa Kaya, Usiohesabu Kaya

Ukikuta "utambulisho wa kaya" katika ripoti ya tabianchi iliyotafsiriwa mbiombio, usidhani TASAF, mfuko wa Tanzania wa kusaidia maskini, wanarudi mtaani kuhakiki kaya. Kaya hapa ni mtu: Yoichi Kaya, mtaalamu wa nishati wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ambaye karibu na mwaka 1990 alitoa hesabu moja fupi ambayo wataalamu wa tabianchi wanaitumia hadi leo. Na "utambulisho" nao si kitambulisho. Kwa wanahisabati neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo, "identity", ni usawa ulio kweli siku zote, weka namba uzitakazo. "Mlinganyo wa Kaya" unatosha, mradi K iwe kubwa. Redioni K kubwa haisikiki, kwa hiyo huko afadhali kusema "mlinganyo wa Profesa Kaya", la sivyo msikilizaji wa Kilifi atafikiria misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iitwayo kaya.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa pato la kila mtu, zidisha kwa nishati iliyotumika kuzalisha kila shilingi ya pato hilo, kisha zidisha kwa hewa ukaa inayotoka katika kila kipimo cha nishati. Jibu ni hewa ukaa yote ambayo nchi imetoa kwa kutumia nishati. Haliwezi kuwa jingine: watu wanafuta watu, shilingi inafuta shilingi, nishati inafuta nishati, inabaki hewa ukaa peke yake. Wapo wanaoubeza kwa sababu hiyo hiyo. Mlinganyo usioweza kukosea unafundisha nini?

Unaonyesha pa kutazama. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka tangu sensa ya 2012. Tuseme pato la kila mtu nalo linakua kwa asilimia 2, kiasi ambacho waziri yeyote wa fedha asingejivunia bungeni. Vipengele viwili vya kwanza vimekwisha kupandisha hewa ukaa kwa zaidi ya asilimia 5. Ili isipande kabisa, viwili vya mwisho kwa pamoja lazima vishuke kwa asilimia 5 hivi, na si mara moja, ni kila mwaka. Dunia nzima, na teknolojia yake yote, kipengele cha tatu imekuwa ikikishusha kwa asilimia 1 hadi 2 tu kwa mwaka. Ndipo unapoelewa ahadi za mkutano wa tabianchi wa COP28 kule Dubai mwaka 2023: kuongeza mara mbili kasi ya ufanisi wa nishati na mara tatu uwezo wa nishati jadidifu ifikapo 2030. Hapo ni kipengele cha tatu na cha nne, basi. Cha kwanza na cha pili wanasiasa huvizunguka.

Majina ya kipengele cha tatu na cha nne yana matatizo. Tafsiri ya sisisi, "ukali wa nishati" na "ukali wa kaboni", inanuka pilipili. Napendelea mzigo wa nishati na mzigo wa kaboni, kwa kuwa kinachopimwa ni kila shilingi imebeba nishati kiasi gani, na kila yuniti ya nishati imebeba kaboni kiasi gani. Yuniti ya umeme ya Kenya, yenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo, mzigo wake ni mwepesi. Ya Afrika Kusini, inayotegemea makaa ya mawe, mzigo wake ni mzito mno.

Kipengele kinachonikera ni cha pili. Pato la kila mtu ni wastani, na wastani haupandi ndege wala hauwashi viyoyozi. Oxfam ilikadiria kwamba mwaka 2019 asilimia 1 ya watu matajiri zaidi duniani walitoa asilimia 16 ya hewa ukaa, sawa na theluthi mbili maskini zaidi wakijumlishwa. Mlinganyo wa Kaya hauwezi kuliona jambo hilo. Nchi mbili zenye pato lile lile kwa kila mtu, moja yenye tabaka pana la kati na nyingine yenye mabwanyenye wachache juu ya umati wa maskini, zinaingia katika hesabu zikiwa na namba moja.

Tusiharakishe kusema kwamba kugawana pato kutashusha hewa ukaa. Shilingi ya maskini mara nyingi hubeba nishati zaidi kuliko ya tajiri: inaishia kwenye mafuta ya taa, nauli na chakula, wakati tajiri anaweza kuitupia yake kwenye uwakili au mchoro wa ukutani. Ila kiasi anachotoa maskini ni kidogo. Mtanzania wa wastani hatoi hata nusu tani ya hewa ukaa ya mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa mwaka; Mmarekani anapita tani 13.

Sasa mtazame mama lishe wa Tandika, Dar es Salaam. Ananunua mkaa kwa kopo kila alfajiri, kwa kuwa hana fedha ya kujaza mtungi wa gesi kwa mkupuo. Akijumlisha mwezi, si ajabu amelipa kuliko jirani mwenye mtungi. Moshi unamwingia yeye, na miti inakatwa Pwani na Morogoro. Lakini hewa ukaa ya mkaa wake haimo katika kipengele cha nne: taratibu za kimataifa huiandika kwenye daftari la misitu na ardhi. Gesi ya mtungi ndiyo inayohesabiwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa kadiri watakavyohamia kwenye mitungi, mlinganyo wa Kaya utaonyesha Tanzania inachafua zaidi.