Kiasi cha Bunduki

Katika kamusi za zamani za Kiswahili, kile tukiitacho leo risasi, yaani ganda lenye baruti ndani yake na kipande cha madini mbele yake, kiliitwa kiasi. Watu walisema "kiasi cha bunduki". Waliolichagua neno hilo walijua walisemalo, kwani baruti nyeusi ni kazi ya kupima. Ikipunguka, risasi huanguka kabla ya kuifikia shabaha; ikizidi mno, mtutu waweza kumpasukia mwenyewe mkononi. Twapenda hapa kuueleza ufundi huo wa kupima, na jinsi ulivyoondolewa mikononi mwa watu wetu.

Tuanze na gobori. Baruti yake ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa ya mti, uliosagwa kisha ukafanywa chembechembe. Mwindaji wa ndovu wa Unyamwezi, katika karne ya 19, aliimimina baruti mtutuni, akaizibia kwa kitambaa kikuukuu, akashindilia kwa mdeki. Ndipo akatia risasi, au kipande cha chuma alichofuliwa na mhunzi wa kijijini, akaziba tena ili kisidondoke, kisha akaweka fataki. Kiasi alikisoma kwenye mdeki wenyewe: kadiri ulivyosimama juu ya mdomo wa mtutu, kwa upana wa vidole, ndivyo alivyojua ukubwa wa shindo lijalo. Vidole vya paa havikuwa vidole vya ndovu.

Wageni wengi walioandika habari za misafara waliwacheka watu wetu kwamba wanashindilia ovyo na kufyatua ovyo. Hatukatai kwamba wapagazi walipoingia mjini walizifyatua bunduki zao kwa shangwe. Lakini mwindaji aliyeinunua baruti yake kwa jasho, akamkaribia ndovu kwa hatua chache akiwa na shindo moja tu, hakuwa na baruti ya kuchezea. Tena alijua kwamba baruti nyeusi huacha masizi mazito yanyonyayo unyevu, na kwamba mtutu usiposafishwa hukataa risasi ya pili. Hata leo wako watu Ulaya na Marekani wajazao maganda ya shaba kwa mkono, kwa baruti ile ile nyeusi, ili kushindania shabaha. Nao hupima kila kiasi kwa uangalifu, huikandamiza baruti gandani, na wengi wao huufuta mtutu kwa kitambaa chenye unyevu baina ya shindo na shindo. Hakuna awachekaye.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliosemwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu juu ya silaha. Katika nchi za Afrika zilizo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zilizuiwa zisiuzwe kwa wenyeji. Kilichoweza kuruhusiwa ni bunduki ya gumegume isiyo na mifuo mtutuni, na baruti ya kawaida ya biashara. Nayo itoke katika ghala iliyo chini ya macho ya serikali. Kwa maneno mengine, kiasi kilifungiwa.

Matokeo yake yalionekana upesi. Wahehe walipolishinda jeshi la Zelewski huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, walijipatia bunduki zipatazo 300. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, na kwa sehemu kubwa ulipatikana kwa mikuki. Lakini bunduki ya ganda la shaba si gobori. Ganda likishafyatuliwa lataka fataki mpya ya namna yake, na risasi ya kipenyo chake barabara, na mambo hayo hayakuuzwa Kalenga. Mhunzi aliyeweza kuitengeneza gobori iliyovunjika hakuweza kuliumba ganda lile. Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipovunjwa Januari 1893, aliilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani. Baruti alikuwa nayo. Bunduki za kuitosha vita ile ndizo alizokosa.

Sasa tutazame upande wa pili. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, waliyopewa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, ilikuwa nayo ni ya baruti nyeusi. Kiasi chake kilikuwa gramu 5 za baruti, nyuma ya risasi ya gramu 25 iliyoviringishwa karatasi, katika mtutu wa milimita 11. Kwa zama zake ilikuwa bunduki njema. Lakini tangu mwaka 1884 Vieille wa Ufaransa alikwisha gundua baruti isiyo na moshi mwingi, na majeshi ya Ulaya yakaiacha ile nyeusi. Askari wetu wakaachiwa. Vita vilipozuka mwaka 1914, sehemu kubwa ya makampuni ya askari katika koloni hii yalikuwa bado na Mauser ile. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilisimama juu ya kichwa chake, na adui akajua pa kulenga. Mjerumani aliyemnyima Mnyamwezi bunduki nzuri kwa hofu ya kupigwa naye, alimpa Mnyamwezi aliyemtumikia bunduki iliyomsaliti.

Askari hao walishinda Tanga mwezi Novemba mwaka huo, wakiwa na moshi wao. Baada ya mapigano waliokota mamia ya bunduki mpya zilizoachwa na majeshi ya Uingereza na Uhindi, pamoja na risasi zake maboksi kwa maboksi, na baadhi ya makampuni yakaitupa Mauser ya zamani papo hapo.