Haidrojeni ya Maporomoko: Kutoka Rjukan hadi Kwekwe

Haidrojeni isiyotokana na makaa wala gesi inanadiwa siku hizi kana kwamba imebuniwa juzi. Ukweli ni kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa ikizalishwa kwa wingi huko Rjukan, bonde jembamba la Norway lenye maporomoko yanayoshuka zaidi ya mita 100.

Kampuni ya Norsk Hydro, iliyoasisiwa 1905, ilifungua hapo kituo cha umeme cha Vemork mwaka 1911, kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo. Shabaha ilikuwa mbolea. Mwanzoni hewa iliunguzwa kwa cheche kali za umeme ili kunasa nitrojeni, njia ya Kristian Birkeland na Sam Eyde, yenye ulafi wa umeme. Kisha Wajerumani wakaleta njia ya Haber na Bosch, inayounganisha nitrojeni na haidrojeni kupata amonia ya kutengenezea mbolea. Wao haidrojeni waliitoa kwenye makaa ya mawe. Wanorway walikuwa na maji yanayoshuka usiku na mchana, basi wakapitisha umeme ndani ya maji: haidrojeni ikatoka upande huu, oksijeni upande ule. William Nicholson na Anthony Carlisle walikuwa wamekwisha kulionyesha jambo hilo London mwaka 1800, ila kwa betri ndogo tu.

Mitambo hiyohiyo ya Rjukan ndiyo iliyotoa maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito, yaliyotamaniwa na Wajerumani kwa utafiti wa nyuklia, hata makomando wa Norway wakailipua Februari 1943. Filamu zimekumbuka baruti, mbolea zimeisahau.

Afrika nayo ilifuata njia hiyo ya kupasua maji kwa umeme. Aswan, Misri, ilianza 1960 kwa umeme wa Mto Nile. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Sable Chemicals cha Kwekwe, Zimbabwe, kikawa miongoni mwa vikubwa duniani vya aina hiyo, kikitegemea umeme wa bwawa la Kariba.

Kilichoiua njia hii ni bei. Haidrojeni ya mafuta na gesi ilipokuwa rahisi zaidi, Rjukan ikazima mitambo yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwekwe ilivumilia hadi 2015, umeme ulipoadimika na kupanda bei. Baada ya hapo ikategemea amonia ya kununua Afrika Kusini, nchi inayotengeneza sehemu kubwa ya haidrojeni yake kwa makaa. Mwaka huohuo wa 2015, UNESCO iliiingiza Rjukan katika Urithi wa Dunia. Wenzetu wamepata makumbusho, sisi tumepata ankara.

Mwaka 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni, ikitazamia mbolea ya nyumbani kwa umeme wa jotoardhi, jua na upepo. Ni mpango mzuri, na sayansi yake imejaribiwa karibu miaka mia. Ila kabla ya kukata utepe, wahusika wafunge safari hadi Kwekwe wakaulize uniti moja ya umeme ilikuwa inauzwa kwa bei gani siku mitambo ilipozimwa.