Ushirika wa Mali katika Viunga vya Dar es Salaam

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii ni ya kweli, lakini haisemi kibaba kikisha kujaa kitashikwa na nani. Historia ya ushirika wa mali katika mji wa Dar es Salaam ni historia ya swali hilo. Mji huu haukukosa kamwe watu wenye moyo wa kuchanga. Kilichopungua mara nyingi ni mamlaka ya wachangaji juu ya mchango wao. Palipokuwa na mamlaka hayo, fungu dogo lilizaa; palipokosekana, hata fungu kubwa liliyeyuka.

Chini ya utawala wa Kiingereza mji uligawanywa katika sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika iliyozunguka Kariakoo. Biashara ya jumla haikuwa mikononi mwa Waafrika. Zaidi ya hayo, ilikuwako sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ambayo kwayo deni la Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani ila mkopo uwe ulitolewa kwa kibali cha serikali. Sheria hiyo ilisemwa kuwa ni kinga ya mnyonge. Kwa mwenye duka dogo ilikuwa kifungo, kwa kuwa mfanyabiashara wa jumla hakuwa na sababu ya kumkopesha mtu asiyeweza kumshtaki. Mwenye duka wa Kariakoo alinunua kidogo kidogo kwa fedha taslimu, na anunuaye kidogo hununua ghali.

Mtu aliyeliona jambo hili waziwazi ni Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka mjini. Mwaka wa 1934 aliwakusanya wenye maduka wenzake katika chama cha maslahi na biashara cha Waafrika, na mwaka wa 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika lililomilikiwa na Mwafrika. Shabaha ya chama ilikuwa kusaidiana katika biashara na katika shida za maisha, wala mambo hayo mawili hayakuonekana kuwa mbalimbali. Mtu asiye na wa kumzika hana wa kumdhamini pia.

Chama cha Fiah hakikuubomoa ukuta wa biashara ya jumla. Katika miaka hiyo hiyo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wakisonga mbele. Chama chao cha kwanza kilianza mwaka wa 1925, na baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka wa 1932 kikafuatwa na muungano mkubwa wa K.N.C.U. Tofauti haikuwa ya akili wala bidii. Mkulima alikuwa na kahawa, akaipeleka ghalani, na ghala likawa nguvu yake mbele ya mnunuzi. Mkazi wa Kariakoo alikuwa na mshahara tu, nao ulikwisha kabla ya mwezi. Ushirika wa nchi ulijengwa juu ya zao. Mjini hapakuwa na zao.

Uhuru ulipofika, serikali mpya ilitaka kuiziba pengo hilo kwa haraka. Mwaka wa 1962 iliundwa COSATA, jumuiya ya kuyapatia bidhaa maduka ya ushirika, ili duka la wananchi liweze kushindana na duka la tajiri. Nia ilikuwa njema, lakini maduka yalitangulia wanachama. Duka lililofunguliwa na wakubwa lilikuwa na wateja, halikuwa na wenyewe. Na mali isiyo na mwenyewe hailindwi usiku. Mwaka wa 1966 tume maalumu ya Rais ilivichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta wanachama wasiojua haki zao, uongozi usiofuata demokrasia, watumishi wasio na ujuzi, na wizi. Mtu angetazamia kwamba dawa ya wanachama wasiojua haki zao ni kuwafundisha haki hizo. Serikali ilichagua njia nyingine: iliongeza mkono wake katika usimamizi, na mwaka wa 1976 ikaivunja miungano yote ya ushirika wa mazao. Mwaka huo huo Operesheni Maduka iliamuru maduka ya watu binafsi yafungwe, mahali pake pawe na maduka ya umma. Bidhaa zikaadimika, na operesheni ikasimamishwa muda si mrefu. Sheria ya mwaka wa 1982 iliirudisha miungano ya ushirika. Imani ya watu haikurudi kwa sheria.

Katika miaka hiyo ya dhiki, mishahara ilipoporomoka na foleni za unga na sabuni zikarefuka, mji haukuokolewa na ushirika ulioandikwa katika vitabu vya serikali. Uliokolewa kwa sehemu kubwa na wanawake wauza vitumbua, maandazi na mkaa, na nyuma yao palikuwa na upatu. Watu kumi, kwa mfano, hutoa kila mmoja kiasi kile kile kila juma, na fungu lote huchukuliwa na mmoja wao kwa zamu. Kijumbe hukusanya na kugawa. Hakuna daftari kubwa wala mkaguzi. Mkaguzi ni uso wa jirani. Lakini upatu una kasoro yake. Zamu ikimalizika hakuna kilichobaki, na kumi wakichanga miaka kumi, bado hawana akiba iliyo yao kwa pamoja.

Kasoro hiyo ndiyo iliyotafutiwa dawa na vikoba, vilivyoenea mwanzoni mwa karne hii. Mbegu yao ilitoka Niger, ambako vikundi vya akiba vya wanawake vilianza mwaka wa 1991. Katika kikoba mwanachama hununua hisa, hukopa kwa kadiri ya hisa zake, na riba humrudia yeye na wenzake mwisho wa mzunguko. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Kufuli hizo ni jibu la swali la kibaba.

Nguvu ya jibu hilo ilipimwa katika jambo kubwa kuliko mtaji wa maandazi, yaani ardhi. Kipawa, iliyo kando ya uwanja wa ndege, ni mfano wa upande mmoja. Mali za wakazi waliotakiwa kuupisha uwanja zilithaminiwa mwaka wa 1997, na malipo yakawafikia baada ya zaidi ya miaka kumi, bei za ardhi na saruji zikiwa zimekwisha kupanda. Kila mwenye nyumba alipokea fidia yake peke yake, akaenda peke yake kutafuta kiwanja. Jengo la tatu la abiria lilifunguliwa mwaka wa 2019, na wasafiri waliopita humo hawakuwa na sababu ya kuuliza majirani wale wametawanyika wapi.

Kurasini, katika Temeke, ni mfano wa upande wa pili. Watu walipoanza kuondolewa humo ili bandari ipanuliwe, wengi walikuwa wapangaji, na mpangaji halipwi fidia ya nyumba. Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya akiba vya Shirikisho la Maskini wa Mijini, lililosaidiwa na Centre for Community Initiatives, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2004. Watu hao walinunua kwa pamoja ekari 30 huko Chamazi, wakaunda chama cha ushirika wa nyumba. Walifyatua matofali na vigae kwa mikono yao, wanawake wakiwa mbele; wakachimba kisima; wakashauriana na wenye mamlaka ili waruhusiwe viwanja vidogo kuliko kipimo cha kawaida. Nyumba ilianza kwa chumba kimoja au viwili na kuongezwa kwa kadiri ya uwezo.

Chamazi si pepo. Ni mbali na mahali pa kazi, nauli hula kipato, marejesho ya mikopo yalisuasua, na ujenzi ulikwenda polepole kuliko ilivyotumainiwa. Aliyelipwa fidia Kipawa huenda alipokea fedha nyingi kuliko mpangaji yeyote wa Kurasini. Lakini mpangaji asiyekuwa na haki ya senti moja alipata mahali pa kukaa pamoja na majirani zake, na sababu yake ilikuwa kwamba akiba ilikuwako kabla ya msiba, na walioishika walikuwa wenyewe.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka wa 2018 inavitaka vikundi hivi viandikishwe. Kuandikishwa kuna faida: kikundi chenye cheti huweza kumshtaki mwizi na kukopa benki. Lakini waandikishaji wangefanya vema kuikumbuka miaka ya 1962 na 1976. Serikali ina haki ya kuuliza kama sanduku lina kufuli. Funguo na zibaki kwa waliochanga.