Uenzi, Wala Si Uimarishaji

Kijitabu kimoja cha kuwatayarisha walimu kwa mitihani yao ya saikolojia, ambacho sitakitaja jina wala mahali kilikopigwa chapa, kimeandika kwamba uimarishaji hasi ni kama vile mwalimu kumchapa viboko mwanafunzi aliyechelewa shule ili asichelewe tena. Sentensi hiyo, kwa kuwa imo kitabuni na jina lenyewe lina sauti ya kitaalamu, inakaririwa katika vyumba vya walimu hapa Muhoroni, na sina shaka katika bonde zima la Nyando hata Kisumu, na watu wenye akili timamu ambao lau wangaliambiwa jambo lilo hilo kwa maneno ya wazi wangalilikataa papo hapo. Mwandishi wa kijitabu alipotoshwa na istilahi, na kesi yangu ni na walioitunga.

Nadharia yenyewe wasomaji wa makala haya wanaijua, kwa hiyo sitawarudisha kwa paka wa Thorndike waliofungiwa sandukuni mwaka 1898 wala kwa njiwa wa Skinner. Itoshe kukumbusha kwamba tendo hupimwa kwa kinacholifuatia: kinacholifuatia likazidi kutendwa ni jambo moja, ndilo waliloliita uimarishaji, na kinacholifuatia likapungua ni jambo la pili, na la pili ndilo adhabu. Huo wanaouita uchanya na uhasi ni mgawanyo mwingine kabisa, unaouliza kama kitu kimetiwa au kimeondolewa. Mwalimu akiwaahidi watoto kwamba atakayemaliza hesabu zake darasani hatapewa kazi ya nyumbani, amewaondolea mzigo na bidii yao imezidi. Hiyo ndiyo aina iliyopachikwa jina la hasi, wala hapana fimbo ndani yake. Skinner mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alilitumia jina hilo kwa maana ya adhabu, kisha akajirudi, na katika kitabu cha mwaka 1953 ameyatenga mambo hayo mawili bayana. Basi ikiwa mwenye nadharia alihitaji miaka 15 kulisafisha jina katika lugha yake mwenyewe, ni kwa hoja gani kamati zetu zimelichukua kama lilivyo na kututwisha Kiswahilini?

Madhara yake si madogo. Kanuni za nidhamu za mwaka 1972 zilikuwa zikiruhusu viboko visivyozidi 6, baada ya uchunguzi na mbele ya shahidi. Ruhusa hiyo ikafutwa kwa tangazo la sheria la mwaka 2001, ikaja Katiba ya 2010, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo kifungu chake cha 36 kinamtisha mwenye kumpiga mwanafunzi kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Walakini fimbo ingalipo. Nadharia ingaliweza kutueleza sababu, lau tungalikuwa na maneno ya kuisomea: darasa lina makelele, mwalimu anashika fimbo, makelele yanakoma mara moja, na huyo mwalimu, kwa kuwa ameondolewa udhia, kesho atashika fimbo upesi zaidi kuliko leo. Mtoto naye anayenusurika kwa kusema uongo hujifunza uongo kwa njia iyo hiyo. Wote wawili wamezidishiwa tendo kwa kuondolewa wasilolipenda. Lakini aliyefundishwa kwamba uimarishaji hasi ndicho kiboko hana tena jina la kuyaitia hayo, na juu ya hivyo amepata vazi la kitaalamu la kukivisha kiboko chake.

Sasa tulitazame neno. Imara ni sifa ya kitu kilichosimama kikadumu: nyumba imara, mlango imara, mtu mwenye msimamo imara, na ndugu yake wa Kiarabu ni neno la majengo na maskani. Kuimarisha, kwa hiyo, ni kukiongezea nguvu kitu ambacho tayari kipo, na anayesikia uimarishaji huwaza saruji na nondo, au uimarishaji wa usalama mpakani, wala hawazi tendo la mtoto linalopita na kurudi. Neno halimwambii msikilizaji kwamba tendo litarudiwa, na huko kurudiwa ndiko kiini cha nadharia. Ama hasi, tukiiacha hesabu, ambako imekwisha kuzoeleka, sikio la mtu wa kawaida husikia ndani yake ubaya, upungufu na hasara, na mfugaji husikia kuhasi, yaani kumfanya fahali kuwa maksai. Ukimpa mwalimu maneno mawili, moja la ujenzi na moja linalonukia madhara, ukamwambia ayaunge apate maana ya faraja baada ya dhiki, umemwonea. Na alipoyaunga akapata kiboko, alifuata Kiswahili chake kwa uaminifu kuliko kamati.

Neno ninalolitetea, nililolitetea tangu zamani na nitakalolitetea, ni uenzi. Lina nasaba. Kuenzi ni kukitukuza kitu, kukipa hadhi na kukitunza ili kisipotee, na shina lake ni enzi, ambayo washairi wa pwani huitamka pia ezi, nayo imetokana na izi ya Kiarabu, yenye maana ya nguvu pamoja na heshima. Kutoka shina hilo tumepata azizi, kitu cha thamani kipendwacho, na tumepata jina kuu kuliko yote katika lugha yetu, Mwenyezi, yaani mwenye ezi. Na hapa namwomba msomaji asimame nami kidogo: wanazuoni wa saikolojia katika nchi za Waarabu, walipotafuta neno la dhana hii hii, walichagua taazizi, ambalo ni la shina lilo hilo. Hawakwenda kwenye majengo. Walikwenda kwenye neno linalotia nguvu na heshima kwa pamoja, na sisi, ambao shina hilo limekaa midomoni mwetu karne nyingi, tukalipita tukaokota imara.

Liko jambo jingine, ambalo kila niliandikapo hunizidishia yakini. Karibu na taazizi limesimama taaziri, neno wanalolijua makadhi wetu, la adhabu isiyowekewa kiwango na sheria, iliyoachiwa rai ya hakimu. Kwa hati za Kiarabu, ambazo wazee wa Lamu na Mombasa waliandikia Kiswahili, tofauti ya maneno hayo mawili ni nukta moja juu ya herufi ya mwisho: ukiitia ni zei, ukiiacha ni rei, ukiitia umemtukuza mtu, ukiiacha umemtia adabu. Tena hilo la pili lenyewe lina sura mbili, kwani katika Kurani kitenzi chake kimekuja kwa maana ya kumnusuru na kumtukuza Mtume, ilhali katika fikihi limekuwa jina la kuadhibu. Mchanganyiko ambao kijitabu chetu kimeuangukia, wa kulidhania lenye kuzidisha kuwa ndilo lenye kukomesha, umo hatarini tangu zamani katika lugha yenyewe, na ilikuwa wajibu wa watunga istilahi kuiweka nukta mahali pake. Wao wakaifuta.

Nimepingwa. Bwana mmoja msomi, ambaye heshima yake naihifadhi kwa kutomtaja, alisema hadharani kwamba uenzi ni neno la tanzia, kwa kuwa watu husema tumuenzi marehemu. Namshukuru, kwani amenipa hoja. Msemaji wa mazishini husema tumuenzi marehemu kwa kuyafuata mema yake, yaani kwa kuyarudia. Kitendo kilichoenziwa ni kitendo kitakachotendwa tena, na hiyo ndiyo maana tuitafutayo. Wengine walileta jaza, na jaza ni neno zuri la kale, lakini ni malipo ya jambo lililokwisha, nayo humtazama mtu na stahili yake, ilhali nadharia hii haiulizi stahili: karipio la mwalimu laweza kumzidishia utundu mtoto anayetamani kutazamwa tu, na hapo karipio ni uenzi, mwalimu apende asipende. Thawabu ni ya akhera, iachwe huko. Tuzo lingefaa kwa kutia peke yake, na kwa kuondoa halifai hata kidogo. Ama kamati niliyoipelekea maelezo haya yote, kwa hati safi na mifano, ilinijibu kwa mstari mmoja kwamba neno lililokwisha kuzoeleka halibadilishwi. Limezoelekaje, na wanaolitumia hawalielewi?

Matumizi ni mepesi. Kuenzi tendo, tendo lililoenziwa, kienzi, kile kinachoenzi, uenzi wa kutia, uenzi wa kuondoa, na kwa upande wa pili adhabu ya kutia, ambayo ni kama kiboko, na adhabu ya kuondoa, ambayo ni kama kumnyima mtoto mchezo. Kutia na kuondoa havihitaji kamusi. Nimeyatumia na walimu wa hapa, na mfano waliouelewa upesi kuliko wote ulitoka mashambani: mkata miwa anayelipwa kwa kadiri ya alichokata ameenziwa kila mzigo, ilhali mkulima ambaye miwa yake imekaa mwaka na nusu au zaidi shambani, ikapelekwa kiwandani, na malipo yakachelewa tena baada ya hapo, uenzi wake umekuja mbali mno na jasho lake, na wengi wameing'oa miwa wakapanda mahindi. Kijitabu kile kinafundisha kwamba uenzi ukicheleweshwa hufifia, nacho kimesema kweli, ila kwa neno lisilo lake. Waliokichapa, kama wanakusudia kukitoa upya, nawaomba waanze na ukurasa wenye kiboko.